Ahadi ya Zawadi ni Deni: Sheria za Droo na Mashindano ya Kibiashara

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya wafanyabiashara, vikundi na wakazi wa Kaunti ya Nakuru. Yanachapishwa hapa ili yawafikie pia wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Mtu akitembea mjini Nakuru siku ya soko, hatafika mbali kabla ya kuona bango lenye neno "Shinda". Kifuniko cha soda kina nambari ndani yake. Mfuko wa unga unamtaka mteja atume ujumbe. Kituo cha mafuta Naivasha kinatoa kuponi, duka la pembejeo Molo linaahidi ng'ombe, na mtangazaji wa redio anawahimiza wasikilizaji watume majina yao kwa nambari fupi kabla ya taarifa ya saa saba. Desemba ikikaribia, hata vinyozi na wauzaji wa simu huwa na zawadi zao.

Hakuna ubaya katika hilo. Biashara inahitaji wateja, na mteja hufurahi kupata nyongeza. Lakini kati ya bango na zawadi kuna sheria, na wengi hukutana nayo wakiwa wamechelewa. Mwenye duka huijua baada ya tiketi kutawanyika mtaani. Mteja huijua baada ya kutuma pesa ambazo hazitarudi.

Jambo la kushika ni moja. Zawadi ikishatangazwa kwa umma ni ahadi, na ahadi ni deni. Anayetangaza lazima awe na ruhusa ya kuendesha droo na uwezo wa kulipa. Anayeahidiwa naye hadaiwi hata senti moja ili apewe kilicho chake.

Maswali matatu ya kuanzia

Kabla ya kuchapisha tiketi, mwenye biashara ajiulize maswali matatu. Je, kuna zawadi? Je, mshindi anapatikana kwa bahati? Je, mshiriki ametoa kitu ili apate nafasi hiyo? Majibu yote matatu yakiwa ndiyo, hiyo ni bahati nasibu, hata kama bango linaiita "ofa", "promosheni" au "asante kwa wateja". Sheria hutazama kinachofanyika, si jina lililoandikwa juu yake.

Ukiondoa zawadi, hakuna shindano. Ukiondoa bahati, mambo hubadilika. Mwenye hoteli Gilgil akitangaza kwamba kila anayekula chakula cha mchana siku tano atapewa cha sita bila malipo, hajaendesha droo, kwa sababu kila aliyetimiza sharti anapata. Kadhalika, ng'ombe wanapopangwa mstari kwenye maonyesho ya kilimo na mwamuzi akawapima kwa umbo, kiwele na afya, mshindi hapatikani kwa bahati. Hilo ni shindano la ujuzi na kazi ya mkono.

Tahadhari moja ni muhimu hapa. Wapo wanaoweka swali rahisi, kama vile kutaja mji mkuu wa Kenya, kisha wanachagua mshindi mmoja kati ya maelfu waliojibu sawasawa. Swali la namna hiyo haligeuzi bahati kuwa ujuzi. Ikiwa kila mtoto wa darasa la nne anaweza kulijibu, kinachoamua mshindi bado ni mkono ulioingia kwenye sanduku.

Swali la tatu ndilo lenye utata zaidi. Mteja aliyenunua unga kwa bei ya kila siku, je, amelipia nafasi ya kushinda? Nchi hazikubaliani. Nchini Marekani, kampuni huacha njia ya kuingia bila kununua chochote, na ndiyo maana matangazo yao huandika kwamba si lazima kununua. Uingereza, kwa sheria yake ya kamari ya mwaka 2005, haihesabu ununuzi wa bidhaa kwa bei ya kawaida kuwa malipo ya kushiriki. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya kulinda watumiaji ya mwaka 2008, inaruhusu mashindano ya kibiashara kwa masharti, na ada ya kutuma ujumbe wa kushiriki iliwekewa kikomo cha randi 1.50.

Kenya ina njia yake. Kwa miaka mingi, kampuni za simu, soda, sabuni na unga zimekuwa zikiomba kibali kwa msimamizi wa kamari kabla ya kuanza promosheni, na matangazo yao kutaja kibali hicho. Kwa hivyo mfanyabiashara wa Nakuru anayenakili maneno "si lazima kununua" kutoka tangazo la ng'ambo asidhani kwamba amepata kinga. Njia salama ni kuuliza kwanza, kwa maandishi.

Sheria iliyobadilika

Tangu mwaka 1966, mambo haya yalisimamiwa na Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 131. Msimamizi alikuwa Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari, ambayo wengi waliijua kwa herufi zake, BCLB. Wazee wanaokumbuka tiketi za Charity Sweepstake wanakumbuka enzi za sheria hiyo.

Agosti 2025, Rais alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, iliyochukua mahali pa ile ya 1966 na kuunda Mamlaka mpya ya Kudhibiti Kamari badala ya Bodi. Sheria ya zamani iliandikwa kabla ya simu ya mkononi, na mpya imeandikwa wakati ambapo mtu anaweza kucheza kamari akiwa kitandani. Kwa mwenye duka, maana yake ni hii: fomu au ushauri wa miaka iliyopita huenda umepitwa na wakati. Athibitishe utaratibu wa sasa kwa Mamlaka yenyewe kabla ya kutumia shilingi moja kwenye matangazo.

Serikali ya kaunti nayo ina nafasi yake. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi ya kusimamia kamari kati ya serikali ya taifa na serikali za kaunti. Ndiyo sababu ofisi za biashara za kaunti ndogo zinapaswa kuulizwa pia, hasa kama droo itafanyika hadharani, uwanjani au kando ya barabara.

Hapa kuna kosa linalorudiwa mara nyingi. Mwenye duka huonyesha leseni yake ya biashara ya kaunti iliyo ukutani na kusema, "Nimelipa, niko sawa." Leseni hiyo inamruhusu kuuza mbolea, nguo au simu. Haimruhusu kuendesha bahati nasibu. Hivyo ni vibali viwili tofauti, na kuwa na kimoja si kuwa na kingine.

Mfano wa duka la pembejeo

Tuchukue mfano. Mwenye duka la pembejeo Molo anaona msimu wa kupanda umefika, mvua ya masika inanyesha, na mwenzake wa upande wa pili amepunguza bei. Anaamua kwamba kila atakayenunua mfuko wa mbolea wa kilo 50 atapewa tiketi, na mwisho wa Aprili tiketi moja itaokotwa ili mwenye nayo apewe mtamba wa maziwa.

Kuna zawadi, tena ya thamani kubwa. Mshindi anapatikana kwa bahati. Tiketi inatoka kwa anayenunua. Ikiwa pia ameongeza shilingi mia mbili kwenye bei ya mfuko ili kupata fedha za kumnunua mtamba, hana tena pa kujificha. Wateja wote wamechanga, na mmoja atachukua. Bila kibali, mtu huyo hajatangaza biashara yake. Ameendesha bahati nasibu isiyo na leseni.

Ana njia tatu. Ya kwanza ni kuomba kibali mapema, kueleza zawadi, tarehe, idadi ya tiketi na jinsi mshindi atakavyopatikana, na kusubiri jibu kabla ya kutoa tiketi ya kwanza. Chini ya Bodi ilikuwa kawaida droo kufanyika mbele ya afisa wake, na ushahidi wa namna hiyo humlinda mwenye duka kuliko unavyomsumbua. Binamu yake akishinda kihalali mbele ya afisa, watu watanung'unika tu. Akishinda chumbani nyuma ya duka, hakuna atakayeamini.

Njia ya pili ni kuondoa bahati. Anaweza kusema kwamba kila anayenunua mifuko mitano anapewa pakiti ya mbegu za mboga. Zawadi ni ndogo, lakini inamfikia kila mtu, na hakuna kura inayopigwa.

Njia ya tatu ni kuweka ujuzi wa kweli mahali pa bahati. Atangaze shindano la mkulima atakayevuna viazi vingi zaidi katika robo ekari, aweke waamuzi wasio na uhusiano na duka, na aandike vipimo vitakavyotumika. Shindano hilo litachukua muda mrefu zaidi, lakini jina lake litasemwa kila shambani msimu mzima.

Kanuni ziandikwe kabla, si baada

Mwaka 1892 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kesi ambayo hadi leo hufundishwa kwa wanafunzi wa sheria nchini Kenya. Kampuni iitwayo Carbolic Smoke Ball ilitangaza magazetini kwamba itamlipa pauni 100 yeyote atakayetumia kifaa chake kama ilivyoelekezwa na bado akapata mafua. Ilisema imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha kwamba haifanyi mzaha. Bibi Carlill alikitumia, akaugua, akadai pesa zake. Kampuni ikajitetea kwamba lilikuwa tangazo tu. Majaji walikataa. Waliotangazia umma wote sharti na malipo wamefungwa na maneno yao kwa kila atakayetimiza sharti hilo.

Kesi hiyo ina uzito hapa kwa sababu Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inafuata misingi ya mikataba ya Kiingereza. Kwa hivyo bango lililobandikwa nje ya duka si mapambo. Linaweza kusomwa mahakamani.

Mfano wa pili unatoka Ufilipino, mwaka 1992. Kampuni ya Pepsi ilikuwa na promosheni ya nambari ndani ya vifuniko, na zawadi kubwa ilikuwa peso milioni moja. Jioni moja mwezi Mei ikatangazwa nambari 349. Kwa makosa, nambari hiyo ilikuwa imechapishwa kwenye mamia ya maelfu ya vifuniko. Watu walijitokeza na vifuniko vyao, kampuni ikasema havina alama sahihi ya usalama, na hasira ikazuka. Magari ya kampuni yalipigwa mawe na kuchomwa, watu wakafa, na kesi zikaendelea kwa miaka mingi. Chanzo chake kilikuwa nambari iliyochapishwa mara nyingi kuliko ilivyopaswa.

Basi mwenye promosheni aandike kanuni zake kabla ya siku ya kwanza, kwa lugha ambayo mteja wake anaisoma, na azibandike mahali zinapoonekana. Kanuni hizo zijibu maswali haya:

Nani anaendesha promosheni, na anapatikana wapi? Kibali chake ni nambari gani?

Nani anaruhusiwa kushiriki, na nani haruhusiwi? Wafanyakazi wa duka na jamaa zao wa karibu wanapaswa kuwekwa kando.

Inaanza lini na inaisha lini, siku na saa?

Zawadi ni nini hasa? "Pikipiki mpya" na "pikipiki" si kitu kimoja. Je, bima na usajili vimo ndani yake?

Kila mtu anaweza kupata tiketi ngapi, na tiketi iliyoharibika au yenye nambari iliyorudiwa itashughulikiwa vipi?

Mshindi atapatikana vipi, wapi, na mbele ya nani? Atajulishwa kwa njia gani, na ana siku ngapi za kuja?

Mshindi asipopatikana, nini kitafuata?

Ni nani atalipa kodi, ikiwa kodi ipo? Jambo hili liulizwe kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, kabla ya kutangaza, kwa sababu viwango vya kodi za kamari na ushindi vimebadilishwa mara kwa mara na sheria za fedha za miaka ya karibuni.

Baada ya droo, orodha ya tiketi, sahihi za mashahidi na risiti ya mshindi ziwekwe kwenye faili. Mali bila daftari huisha bila habari, na mzozo bila daftari huishia kwa mwenye sauti kubwa.

Makanisa, shule na vyama

Swali linaloulizwa sana ni la vikundi visivyotafuta faida. Shule ya Subukia inataka kujenga darasa, kanisa la Njoro linataka kuezeka paa, kikundi cha akina mama cha Kuresoi kinataka tangi la maji. Wanachapisha tiketi za shilingi mia moja na kuahidi mbuzi watatu kwa watakaobahatika. Nia ni njema, lakini viungo vyote vitatu vimo: zawadi, bahati na malipo. Nia njema haiondoi haja ya kibali. Kama wanachotaka ni mchango tu bila droo, basi hiyo ni harambee, na ina sheria yake, Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106. Wenye kamati wasichanganye mambo haya mawili kwenye kadi moja.

Je, chama cha kuzungushana pesa ni kamari? Wanachama kumi wanachanga kila mwezi na kupiga kura kujua nani ataanza. Hapo bahati inaamua zamu tu. Kila mwanachama atapata kiasi kilekile kabla ya mwaka kuisha, na hakuna anayepoteza ili mwenzake ashinde. Lakini mtu akija na "chama" ambapo anayeingia analipa, anayeleta wengine analipwa, na wa mwisho hawana uhakika wa kupata chochote, hicho si chama tena, hata kikiitwa kwa jina la upendo.

Watoto, picha na nambari za simu

Mtu aliye chini ya miaka 18 hapaswi kuingizwa kwenye kamari kwa njia yoyote. Mwenye promosheni ya peremende, vitafunio au soda afikirie sana jambo hili, kwa sababu wanunuzi wake wengi ni wanafunzi. Mashindano ya watoto yawe ya kuchora, kusoma, kukimbia au kuimba, yenye waamuzi, na wazazi wajulishwe.

Kisha kuna habari za watu. Sanduku la tiketi lina majina, nambari za simu na pengine nambari za vitambulisho. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema data iliyotolewa kwa lengo moja isitumiwe kwa lengo jingine bila idhini. Aliyeandika nambari yake ili ashinde mtamba hakukubali kutumiwa matangazo ya mikopo kila asubuhi, wala hakukubali orodha hiyo iuzwe. Droo ikimalizika na muda wa malalamiko ukipita, vikaratasi viharibiwe, visitupwe jalalani.

Picha ya mshindi nayo ni yake. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza burudani moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwenye duka anayetaka kumpiga mshindi picha akiwa na zawadi aombe ruhusa kwa maandishi, na mshindi akikataa, apewe zawadi yake vilevile.

Mshindi halipi

Sasa ni zamu ya mteja. Kwa kila droo halali, kuna matapeli wanaojifanya kuwa nayo. Simu inalia: "Hongera, umeshinda shilingi laki moja na nusu." Sauti ni ya upole, nyuma yake kuna kelele za ofisi, na anayepiga anajua jina la mama huyo. Kisha linakuja sharti. Atume shilingi 2,500 za usajili, au za kodi, au za kufungua akaunti. Akituma, linakuja sharti la pili. Wengine humtaka asome nambari ya siri iliyoingia kwenye simu, au abonyeze nambari anazoelekezwa. Dakika chache baadaye akaunti ni tupu, na wakati mwingine mkopo umechukuliwa kwa jina lake.

Kanuni za kujikinga ni fupi, na zinafaa kurudiwa nyumbani hadi mzee na mtoto wazijue.

Aliyeshinda halipi ili apewe. Kama kuna kodi, inakatwa na anayelipa au inalipwa kwa njia rasmi za serikali, kamwe si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi.

Ambaye hakushiriki hakushinda. Mtu asiyenunua tiketi wala kutuma ujumbe hawezi kuwa mshindi wa droo hiyo.

Nambari ya siri haisomwi kwa mtu yeyote. Safaricom imekuwa ikiwakumbusha wateja kwamba inawapigia kwa nambari 0722 000 000 pekee, na ujumbe wa kitapeli unaweza kutumwa kwa 333 bila malipo.

Haraka ni dalili. Anayesema "usikate simu" au "usimwambie mtu" hataki mhusika apate nafasi ya kuuliza. Akate simu, amuulize mwanawe, jirani au mwenye duka la M-Pesa.

Promosheni ya redio au runinga nayo itazamwe kwa makini. Ujumbe mmoja unaweza kugharimu zaidi ya ujumbe wa kawaida, na anayetuma kumi kwa siku kwa mwezi mzima anaweza kujikuta ametumia pesa za unga. Auliza gharama kabla, na ajue kwamba ana haki ya kujiondoa kwenye ujumbe ambao hakuuomba.

Ukinyimwa haki, fuata njia hizi

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji, kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi, na kufidiwa anapopata hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa na huduma. Haki hizo hazitembei zenyewe. Lazima mtu azidai, na azidai akiwa na ushahidi.

Kwa hivyo mshiriki atunze tiketi, kifuniko au risiti. Apige picha ya bango likiwa bado ukutani. Asifute ujumbe. Aende kwanza kwa mwenye promosheni na kumwandikia barua fupi yenye tarehe, kwa sababu migogoro mingine huisha hapo.

Isipoisha, malalamiko kuhusu droo yenyewe yanapelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kamari. Matangazo ya kupotosha yanapelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Matumizi mabaya ya jina, simu au picha yanapelekwa kwa Kamishna wa Kulinda Data. Utapeli ni kosa la jinai. Kupata mali kwa hila ya uongo kunaweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka mitatu chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu. Mlalamishi aripoti kituo cha polisi kilicho karibu, achukue nambari ya OB, na anaweza pia kupiga simu ya bure ya DCI, 0800 722 203.

Kama kinachodaiwa ni zawadi au thamani yake isiyozidi shilingi milioni moja, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inahudumu Nakuru. Sheria yake ya mwaka 2016 inataka kesi ziamuliwe ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Anayedai mtamba wake haitaji kuuza mwingine ili aweze kushtaki.

Hatimaye

Wenye biashara wengi wa Nakuru ni watu waaminifu, na wateja wao wanawajua kwa majina. Uaminifu huo ndio mtaji mkubwa kuliko bidhaa iliyo rafuni. Droo moja iliyoendeshwa gizani inaweza kuumaliza, na droo iliyoendeshwa mchana, kwa kibali, kanuni na mashahidi, inaweza kuukuza.

Anayefikiria kuendesha promosheni mwaka huu afike kwanza kwenye ofisi ya biashara ya kaunti ndogo yake, iwe Naivasha, Rongai, Bahati au kwingineko, aeleze mpango wake, kisha aiandikie Mamlaka kabla ya kwenda kwa mchapishaji. Na mkazi atakayepokea simu ya hongera leo jioni aulize swali moja tu: "Natakiwa kulipa nini?" Jibu likiwa shilingi yoyote ile, akate simu.